Ni nusu milimita Mhariri, si nusu inchi

Mhariri, asalaam aleikum.

Mie msomaji wenu wa hapa Wete, gazeti nalipata barazani baada ya watu watatu wanne kulimaliza kwa hivyo nikichelewa kuandika msinishangae. Makala yenu ya kulenga shabaha nimeipenda, ila pahala pamoja pamenikera, pale mlipoandika kuwa Wamarekani wanaojipakilia risasi wenyewe, yaani wanaoziunda nyumbani kwa ganda, baruti na kichwa kile kinachoruka, husogeza kile kichwa "nusu inchi" ndani au nje ya ganda mpaka shabaha ikae sawa. Nusu inchi jamani! Hiyo ni karibu milimita 13, na kichwa chenyewe cha risasi ya .308 (aina moja ya risasi za bunduki) aghlabu ni kama sentimita 3 tu, ukikivuta nje kiasi hicho kinataka kudondoka na ukikizamisha unaibana baruti, nafasi inakuwa ndogo presha inapanda, hapo ndo bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni.

Nimekaa Ohio miaka minane, si mbali na Camp Perry wanakopiga mashindano yao ya taifa tangu 1907, na jirani yangu mmoja mzee haya ndo yalikuwa maradhi yake, gereji nzima presi za kubania risasi na mizani, gari inalala nje. Mie kazi yangu kumshikia taa na kunywa kahawa yake (haina hata tangawizi). Yeye kipimo chake inchi moja igawe mara elfu, anasogeza vijisehemu vitatu, anapiga tano, anatazama matundu kwenye karatasi yamekusanyika au yametawanyika, anaandika daftarini, anasogeza vitatu vyengine. Baruti haigusi, ganda halibadilishi, kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Safari yote hiyo ukiijumlisha mara nyingi ni nusu milimita, ikizidi sana moja.

Kwani ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda, ndo inayoizungusha risasi, na kichwa kikitoka kwenye ganda kinaruka kidogo kabla hakijaishika. Bunduki nyengine inapenda mruko mfupi nyengine mrefu, hujui mpaka upige. Wapo wanaodhani ukikigusisha kabisa na mifereji ndo bora zaidi, lakini kugusisha nako kunapandisha presha, anaetaka hivyo inabidi apunguze baruti aanze upya na jedwali la kiwanda la vipimo vya baruti mkononi, na risasi ikiwa ndefu sana tena haiingii kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi cha bunduki. Halafu mzee hapimi kwenye ncha, maana ncha hazilingani hata za boksi moja, anapima pale kichwa kinapomaliza kunenepa.

Marehemu babu yangu gobori lake akilipima baruti kwa kiganja na kushindilia kwa ufito, ikimpata nguruwe basi ni nguruwe mwenye nuksi.

Hapa kwetu simjui anaejipakilia risasi na wala simshauri mtu, atakwenda kuyaeleza kituoni. Lakini gazeti linasomwa, mtu akakariri nusu inchi akenda nayo huko ng'ambo kwa watoto wake wenye bunduki. Rekebisheni, na iwe ukurasa uleule wa michezo, msiifiche kule chini kwenye matangazo ya viwanja.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba