Fundi, kabla hujashika bisibisi omba kinanda

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limeshakuwa kero hapa Dodoma na sioni anayelisemea. Siku hizi kwaya nyingi na bendi za harusi zina zile prosesa za efekti za gitaa (mashine za kubadilisha mlio wa gitaa), na waliojikakamua zaidi wamenunua na kontrola ya mguu, ile unakanyaga sauti inabadilika huku mikono inaendelea kupiga. Mzigo unatoka Kariakoo, unakuja huku na basi, unafanya kazi vizuri tu, halafu Jumapili moja katikati ya pambio unakanyaga, taa za kontrola zinawaka zote, prosesa imenuna.

Kinachofuata ndo kinaniudhi. Kontrola peke yake inabebwa mpaka kwa fundi, na fundi anaifungua hapohapo. Haulizi ilikuwa imechomekwa kwenye nini, haulizi prosesa iko wapi, bisibisi ishaingia. Mwenzangu mmoja wa kwaya alipeleka yake kwa fundi wa hapa mjini, simtaji, ikarudi skrubu zimeliwa vichwa, ile selotepu tuliyoandika SOLO na KUABUDU juu ya vitufe imebanduliwa, na jibu alilopewa ni kwamba aisii (chipu ya ndani) imekufa anunue nyingine. Nikamwambia hebu lete vyote viwili. Kucheki, kontrola inatuma kwenye chaneli 1 na prosesa imewekwa isikilize chaneli 2, kumbe kuna mtu alichezea setingi siku ya mazoezi (nawashuku vijana wa besi lakini sina ushahidi). Tukabadilisha namba ikaitika palepale. Hela ya ufundi ndo ishaenda hivyo.

Sasa nieleze kidogo kwa faida ya wengine. Hizi kontrola nyingi zinaongea na prosesa kwa midi, mfumo wa tangu 1983 na mpaka leo bado unatumika. Kwenye ule waya haipiti sauti yoyote ya gitaa, zinapita amri tu, yaani kontrola inaiambia prosesa "nenda priseti namba fulani" (priseti ni mlio uliopangwa na kuhifadhiwa kwenye mashine). Kuna chaneli 16 na kila amri inatoka na chaneli yake, kwahiyo kama prosesa imeambiwa isikilize 2 tu, ya 1 inaipita kama haipo. Prosesa nyingi zina setingi inaitwa omni, hiyo inasikiliza chaneli zote, ukiwa kwenye kutafuta ugonjwa anza kwa kuiwasha hiyo. Na kama unakanyaga ya solo inakuja ya jirani yake, usiseme imeharibika, namba za priseti kwenye midi zinaanza 0 mpaka 127 lakini mashine nyingine zinaonyesha 1 mpaka 128, ndo maana zinapishana kwa moja.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki, na mafundi naomba mkisome vizuri. Kanisa gani halina kinanda? Kama kinanda chenu kina tundu la midi la pini 5 (vya kisasa vingi vimebaki na yuesibii tu, hapo azimeni kile cha zamani), basi kipimo mnacho tayari wala hamhitaji kufungua kitu. Chomoa waya kwenye kontrola, uchomeke kwenye OUT (tundu la kutolea) ya kinanda, upande wa pili ubaki palepale kwenye IN (tundu la kupokelea) ya prosesa, na ile omni ya prosesa iwe imewashwa. Badilisha sauti kwenye kinanda, kutoka piano kwenda ogani kwa mfano. Vinanda vingi ukibadilisha sauti vinatuma amri ileile inayotumwa na kontrola ya mguu, kwahiyo prosesa ikiruka priseti ujue prosesa ni nzima na waya ni mzima, mgonjwa ni kontrola au setingi zake. Isiporuka geuza jaribio, OUT ya kontrola iingie IN ya kinanda, kanyaga usikilize kinanda kama kinabadilika sauti. Kikibadilika, kontrola ni nzima na waya pia, kahangaike na prosesa. Vikigoma vyote, badilisha waya kwanza kabla hujamlaumu mtu. Hapo utakuwa umejua tatizo liko upande gani na hakuna skrubu iliyoguswa.

Waya wenyewe nao una mambo yake. Una pini 5 lakini midi inatumia 3 tu, ya katikati na mbili za pembeni yake. Watu wanachukua zile waya za redio kaseti za zamani kwa sababu kichwa kinafanana na kinaingia vizuri kabisa, lakini huko ndani zinaweza kuwa zimeunganishwa kivingine, unachomeka unashangaa kimya. Chukua testa upime pini kwa pini, ya 2 na 2, ya 4 na 4, ya 5 na 5. Urefu nao usizidi mita 15, sijui kwanini mafundi mitambo wetu wanapenda kuvuta waya kuzunguka madhabahu nzima. Na OUT inaingia IN, siyo OUT kwa OUT, nimeshaona hiyo kwa watu wazima wenye heshima zao.

Halafu hii ya yuesibii. Kuna mtu alinililia kwamba kanunua kontrola ya yuesibii na prosesa yake ina tundu la yuesibii, ameunganisha hamna kitu. Mara nyingi zote mbili zimetengenezwa zichomekwe kwenye kompyuta, kila moja inasubiri mwenzake aanze, ni kama wakwe wawili mlangoni kila mmoja anasema pita wewe kwanza. Hapo hakuna kilichokufa, inatakiwa kompyuta au kifaa kingine kikae katikati.

Pedali ya volyumu au ya wawa inayochomekwa nyuma ya kontrola, ikiwa inaruka ghafla kutoka sifuri mpaka juu, au haishuki kabisa, angalia jeki, yaani kile kichwa cha waya. Inatakiwa yenye mistari miwili myeusi, ukitumia waya wa kawaida wa gitaa wenye mstari mmoja inachanganyikiwa. Ukishaweka jeki sahihi tafuta kwenye menyu sehemu ya kukalibreti, yaani kuifundisha mashine mwisho wa pedali, ikanyage mpaka chini, irudishe mpaka juu, sevu. Vile viswichi vya mguu vya kuongeza vinavyofanya kazi kinyume, yaani ukiachia ndo inawaka, hiyo ni polariti, na baadhi ya mashine zinaipima zenyewe wakati zinawaka, kwahiyo chomeka kwanza ndo uwashe, na mguu uwe mbali.

Umeme sasa. Watengenezaji wengi wa vifaa vya gitaa wanaweka hasi katikati ya kichwa cha adapta, adapta za ruta na ving'amuzi nyingi ni chanya katikati, na kichwa kinaingia bila ubishi. Angalia ule mchoro mdogo wa vijiduara kwenye lebo. Volti zilingane, ampea zikizidi hakuna shida zikipungua ndo taa zinawaka lakini akili hamna, inajizima na kuwaka yenyewe. Kuna prosesa zinataka adapta inayotoa AC, hizo usiziwekee ya DC kisa volti ni zilezile.

Kwenye hili vumbi letu la kiangazi, nalo linachangia, sibishi. Swichi inayoitika mara moja moja inaweza kuwa vumbi tu, tumia spirei ya kusafishia kontakti, tafadhali msiweke petroli wala mafuta ya cherehani. Na hapo ndo sikatai fundi afungue, kazi yake hiyo.

Ombi langu kwa wenye maduka ya muziki, hapa Majengo na kwingineko, mtu akija kununua kontrola mruhusuni aje na prosesa yake ajaribu palepale kaunta kabla hajatoa hela. Kuna duka tulinyimwa, tukaambiwa tukafungulie boksi nyumbani, na risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, sasa tutajuaje kama zinaelewana? Nanyi wenzangu wa Kibaigwa, Mpwapwa na Kondoa mnaopanda basi na mzigo mpaka mjini, fanyeni kwanza hilo jaribio la kinanda hukohuko, na mkilazimika kuja njooni na kontrola, prosesa, waya na adapta yake, vyote kwenye begi moja.

Mpiga gitaa la solo,
Nkuhungu, Dodoma