Ketobeli Inainuliwa kwa Nyonga, Si kwa Mikono

Mara nyingi mtu huingia jimu kwetu hapa Sinza akiwa ameshika kiuno. Alinunua ketobeli, lile tufe la chuma lenye mpini juu yake, akajifunza kuibembeza kwa kutazama video kwenye simu, na siku ya tatu mgongo ukakaza. Wengine wanakuja wakiwa wameshaamua kuiuza. Tunawaomba wasubiri kwanza, watuonyeshe wanavyofanya.

Karibu wote hufanya hivi: wanachuchumaa nusu, kisha wanalivuta tufe juu kwa mabega. Mikono inachoka upesi, uti wa mgongo unapinda, na misuli ya makalio, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kazi hii, haijaguswa.

Ketobeli ilianzia Urusi, ikiwa jiwe la mizani la kupimia nafaka sokoni. Kipimo chao cha zamani, pudi, ni kama kilo 16, na ndiyo maana hadi leo utakuta za kilo 16, 24 na 32: pudi moja, moja na nusu, mbili. Tofauti na dambeli, uzito wake haukai kiganjani. Unaning'inia chini ya mpini, na ukibembea unakuvuta uufuate. Kuuzuia na kuurudisha ndilo zoezi lenyewe, na nguvu hiyo hutoka nyongani.

Tunaanza bila chuma. Upe ukuta mgongo, uache nafasi ya futi moja hivi, magoti yalegee kidogo. Sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao. Utasikia misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika. Sasa simama kwa nguvu huku umebana makalio. Ukishika ketobeli, mikono iwe kamba tu. Tufe lipande lenyewe hadi usawa wa kifua.

Tuliwahi kuwafundisha siku moja kijana anayeshinda kwenye kiti ofisini Posta na mama anayefua nguo kwa mkono kila wiki. Mama alipata dakika ile ile. Miaka yote ameinama juu ya beseni hivyo hivyo, makalio nyuma, mgongo umenyooka. Kijana ilimchukua wiki mbili, na hatukumpa uzito mpaka alipoweza.

Faida? Mapigo ya moyo ndiyo utakayoyahisi kwanza. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2010, vijana waliobembeza kilo 16 kwa dakika 12 walifikia wastani wa asilimia 87 ya kiwango cha juu cha mapigo yao, wakiwa wamesimama palepale. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 unatuhusu zaidi sisi tunaokaa sana: wafanyakazi 40, nusu yao wakifanya ketobeli dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Waliofanya walipungukiwa maumivu ya shingo, mabega na kiuno, na misuli ya mgongo ikapata nguvu. Ila pumzi yao haikuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo hatutamwambia mteja aache kukimbia au kutembea.

Mwenye presha, au mwenye maumivu yanayoshuka mpaka mguuni, aanzie kwa daktari. Na usibane pumzi. Itoe kila unaposimama.

Kwa joto letu la Dar, kiganja ndicho kinachosaliti. Usipake losheni kabla ya mazoezi, na uwe na kitambaa cha kufutia mpini kila raundi. Tumeshaona tufe likimponyoka mtu kwa jasho tu. Wanawake wengi tunawaanzisha na kilo 8, wanaume 12.

Kama una ketobeli yako nyumbani, njoo nayo. Kuangaliwa unavyobembeza hatutozi. Acha raba za soli nene ya sponji, vaa za soli bapa au fanya peku.