Mishahara ya mafundi wa serikali ipimwe kwa kazi yenyewe

Mhariri,

Mjadala wa mishahara ya mafundi, madereva na vibarua wa serikali huishia kwenye swali moja: waongezwe asilimia ngapi? Lakini ukiongeza asilimia juu ya mshahara uliopangwa ovyo tangu mwanzo, unazidi kuupanua upungufu uleule. Kwanza ijulikane kazi hiyo inalipwaje kwingine.

Marekani ina utaratibu wa kisheria wa kulinganisha mishahara hiyo na ya soko tangu 1972. Wapimaji wawili wawili huenda kwa waajiri binafsi, mmoja kapendekezwa na serikali, mwenzake na chama cha wafanyakazi. Utafiti kamili hufanywa kila baada ya miaka miwili, na mwaka wa katikati viwango huhuishwa. Kila daraja lina ngazi tano zinazopishana kwa asilimia 4, na wastani wa soko huwekwa ngazi ya pili. Hivyo anayeanza hupata asilimia 96 ya soko, na akifanya kazi vizuri hupanda baada ya wiki 26. Aliyefika ngazi ya tano hupata asilimia 112. Zamu ya jioni huongezewa asilimia 7.5, ya usiku 10.

Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni kulinganisha vyeo. Wawili wote wanaitwa mafundi umeme: mmoja anabadilisha taa na soketi, mwingine anafungua paneli ya pampu ya maji, anafuata mchoro waya kwa waya hadi aipate kontakta (swichi ya kuwashia mota) iliyoungua, na akikosea mota inaungua. Ukiwaweka fungu moja, wastani unamdhulumu wa pili. Mpimaji aulize kila mmoja anashika vifaa gani, anasoma michoro au hasomi, nani anakagua kazi yake, na kosa lake linagharimu nini. Cheti pekee hakijibu hayo.

Kosa jingine ni la wanasiasa. Hata huko Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Bunge limekuwa likiweka ukomo wa nyongeza kila mwaka, hivyo kwenye maeneo mengi malipo yamebaki chini ya kile utafiti ulichoonyesha. Ni kupima kisha kukipuuza kipimo, na hilo linawavunja moyo hasa mafundi wa madaraja ya juu, ambao ndio wagumu kuwapata.

Tunaomba pia mishahara ya makampuni yanayoshinda zabuni za serikali kwa bei ya chini isiingizwe kwenye wastani wa soko. Hiyo ni bei iliyoshushwa na serikali yenyewe.