Tunakuja Nairobi, lakini hatulali kwako

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, hawajambo watoto, hajambo shemeji? Sisi huku Mombasa ni wazima, joto letu ni lile lile, na Bi Rehema bado ananiuliza habari zako kila nikipita mlangoni pake, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Tangu Idd hatujazungumza la maana, ni kutumiana picha tu na vichekesho, nikaona leo nikae niandike. Jambo lenyewe nikikwambia kwa simu utanikata kabla sijafika katikati. Nakujua.

Tunakuja Nairobi. Agosti, shule zikishafungwa, Ijumaa hadi Jumatatu. Mimi, Baba Swafiya, Swafiya na Talib. Na hatulali kwako.

Haya, nimeshasema. Tafadhali endelea kusoma.

Nyumba yako naipenda, na tabu yenyewe iko hapo hapo. Tukishuka kwako tu, habari zitafika South C kwa ndugu zetu kabla hatujavua viatu. Mama Mkubwa atataka tuje chakula cha mchana, Ami Athmani atataka tuje cha usiku, na yule wa Pangani, ambaye hata hatujui udugu wetu na yeye unapita wapi, atanuna mwaka mzima tusipokwenda. Unakumbuka harusi ya Fatma? Watoto walipitishwa nyumba kwa nyumba kama sahani ya halua. Huyu anambusu, huyu anampa soda, huyu anauliza kwa nini kakonda. Swafiya alilala kaketi wima kwenye kochi la watu na kijiko cha biriani mkononi, na nilipotaka kumlaza nikaambiwa, "Mwache kidogo, wengine hawajamwona." Mpaka leo ukimuuliza Nairobi kuna nini anakwambia kuna makochi.

Safari hii nataka waone mji. Na nataka walale mchana, kwenye kitanda, mlango umefungwa, bila mtu kuja kuwachungulia. Talib bado yuko miaka miwili. Akikosa usingizi wake wa saa saba, ikifika saa kumi hakuna anayemuweza, awe ndovu awe twiga.

Ndiyo tukatafuta nyumba ya kupanga kwa siku, upande wa Kilimani, ina jiko na vyumba viwili. Jiko ndilo lililonivuta. Mtoto akiamka saa kumi na moja alfajiri anataka uji, hataki kuambiwa mkahawa unafungua saa moja. Sasa nimeona kwenye tangazo kuna roshani, ghorofa ya tatu, nikamwandikia mwenye nyumba anipigie picha ya vile vyuma vya ukingo, nione kama kichwa cha mtoto kinapita katikati. Akanitumia picha ya machweo. Nzuri sana, mashaallah, mawingu ya rangi ya chungwa. Nikamwandikia tena: ndugu yangu, vyuma. Bado nasubiri.

Ngoja nikwambie habari ya shemeji yako, Baba Swafiya, maana nusu ya barua hii ni kwa sababu yake. Amekaa na kalamu akaandika ratiba. Jumamosi peke yake: saa kumi na mbili asubuhi tuwe langoni kwa Mbuga ya Taifa, saa tano ndovu yatima, saa saba twiga, saa tisa Makumbusho, jioni tupande juu ya KICC, lile jengo refu la mikutano, "tuuone mji wote." Jumapili msitu wa Karura asubuhi na Makumbusho ya Reli mchana, kwa sababu ati kuna behewa la zamani ambalo Mzungu mmoja, ofisa wa polisi, alivamiwa na simba ndani yake na kuuawa pale Kima mwaka 1900. Nikamwambia hiyo ndiyo hadithi ya kumpa Swafiya halafu tumpandishe treni kurudi nyumbani? Kisha nikamuuliza, Talib anaenda choo saa ngapi kwenye ratiba hii? Akaitazama ile karatasi kwa muda, akasema, "Njiani."

Na treni pia tumebishana. Yeye anataka ya saa nne usiku, ili ati tusipoteze siku. Hesabu zake ziko sawa, lakini ile inakufikisha stesheni ya Syokimau kabla ya alfajiri, Agosti, na baridi yenu hiyo, watoto wamelala wote wawili na mabegi yanataka mikono. Na mwenye nyumba gani atakupa ufunguo saa hizo? Mimi nasema ya saa mbili asubuhi. Ni kweli inasimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei na kuendelea, inakawia kuliko ya mchana, lakini kwa watoto kule kusimama kwenyewe ni burudani. Na inapita Tsavo mchana kweupe. Ukibahatika unawaona ndovu dirishani, wekundu kwa ule udongo, hujalipa kiingilio wala hujainuka kitini. Hiyo ya usiku utaona nini zaidi ya uso wako kwenye kioo?

Nauli si mbaya. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima tangu walipopandisha mwanzoni mwa 2024, Swafiya nusu, na Talib bure maana hajafika miaka mitatu. Lakini bure yenyewe ni ya mapajani, na mapaja ni yangu. Viti vinatazamana, kwa hivyo tutakuwa na wageni wa watu mbele yetu, goti kwa goti, na Talib ana tabia ya kuwapa watu biskuti aliyokwisha kuilamba. Mungu atupe majirani wenye watoto.

Ile kukaguliwa pale stesheni ya Miritini hainisumbui, nimeshaizoea: mabegi yanapangwa chini mstari mmoja, watu wanarudi nyuma, mbwa anapita ananusa. Kwa Swafiya hiyo ndiyo sehemu bora ya safari. Ameshaniambia anataka begi lake liwe la kwanza.

Sasa mpango wangu ni huu, na nataka uuunge mkono baba yake akikupigia, maana atakupigia. Jambo moja kwa siku, asubuhi. Mchana kulala. Jioni wacheze karibu na nyumba, basi.

Jumamosi iwe Lang'ata. Wale ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick hufunguliwa watu saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, tena lazima uwe umeweka nafasi mapema. Watu wengi huiona hiyo kama kero. Mimi naona walifikiria watoto wa miaka miwili. Unasimama kwenye kamba, vile vidogo vinakuja mbio, vinanyonya chupa za maziwa, vinagaragara matopeni, na kabla mtoto hajaanza kulia njaa mambo yamekwisha, nyote mko njiani kurudi. Hakuna wa kukwambia "tukae kidogo."

Baba yake anasema kwa kuwa twiga nao wako upande huo huo, tuwaunganishe. Na ana hoja, lazima nikubali, kwa sababu kuvuka mji mara mbili kwa siku tofauti ni kutafuta foleni. Nikamwambia sawa, lakini twiga kwanza, saa tatu wakifungua, kisha ndovu, kisha nyumbani, na hakuna tena kitu siku hiyo, hata kama Rais mwenyewe atatualika chai. Swafiya kwa upande wake hataki kusikia habari za ndovu. Anataka twiga kwa sababu ya ulimi. Mwalimu wake alimwambia ulimi wa twiga ni mrefu kama sentimita 45 na rangi yake nyeusi-nyeusi, na pale wamejenga jukwaa la kupanda hadi uwe uso kwa uso naye, unamlisha vile vyakula vidogo vya vipande kwa mkono. Amechukua rula akapima kwenye mkono wake. Ulimi umemfika begani na ukazidi. Tangu hapo haongei lingine.

Mbuga yenyewe nimekataa. Si kwamba ni mbaya. Mbuga ya wanyama ndani ya mji mkuu, iko tangu 1946, nani mwingine anayo? Lakini kumfunga Talib kwenye gari saa tatu nzima akimtafuta simba aliyelala nyuma ya kichaka, hapana. Kama ni lazima aone simba, pale pale kwenye lango kuu kuna ile Safari Walk, unapita juu ya daraja la mbao kwa miguu yako, ukichoka unarudi.

Jumapili ndiyo yako. Nataka Arboretum, ile bustani ya miti. Iko hapo karibu na Kilimani, kuna nyasi, kuna miti mikubwa iliyopandwa tangu enzi za ukoloni, mtoto anakimbia na wewe umekaa. Wewe uje na wanao, ulete mkeka na chai, mimi nitakuja na achari ya embe, mabungo na mahamri yatakayokuwa yamelala lakini bado ni mahamri. Uwaambie wanao wafiche chakula, wale kima hawana haya. Hapo tutakaa mimi na wewe tuzungumze kuliko tungelivyozungumza kwako, wewe ukiwa jikoni, mimi nikiwakimbiza watoto kwenye vyombo vyako vya kioo. Unaona? Nakutoroka ili nikupate.

Mvua ikinyesha, au manyunyu yenu yale ya Agosti yasiyoisha, basi iwe Makumbusho. Nimemruhusu hiyo moja. Kuna paa, kuna vyoo, na uani kuna lile sanamu la Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Mzee Kenyatta, mwenye pembe za karibu kugusa chini. Mifupa ya kale mtoto hataielewa, lakini nyoka wako hapo hapo jirani. Saa moja na nusu, tunatoka. Asinipeleke kusoma kila kibao.

Najua bado umenuna. Najua utasema, "Nairobi kuna kwao, halafu mtu anakwenda kulipia nyumba!" Mama yangu angesema hivyo hivyo, ndiyo maana sijamwambia. Hapo ndipo penye ombi langu, Mwanaisha, na ulipokee kwa moyo mzuri. Mama anaamini tunalala kwako. Akikupigia usimdanganye, sitaki kukutia dhambini. Mwambie tu "wako salama, wamekula, wamelala." Hayo yote yatakuwa kweli. Akitaka kuongea na watoto mwambie wamelala, na saa saba hiyo nayo itakuwa kweli, inshallah.

Na South C wasijue mpaka Jumatatu. Nikishakaa kwenye treni nitampigia Mama Mkubwa mimi mwenyewe, nimuombe radhi, nimwambie safari ilikuwa ya ghafla. Atalia kidogo kisha atauliza kama tulikula. Bi Rehema naye, sijui nani aliyemwambia, ameshaniagizia mitandio ya Isli, kule kwenye maduka, rangi tatu, ananionyesha mpaka duka liko ghorofa gani. Isli Jumamosi na watoto wawili! Nimemwambia nitaona. Kama unapita huko kabla ya Agosti... tutazungumza.

Nilitaka pia kukuuliza habari ya kazi ya shemeji, ile ya Naivasha, lakini Talib ameamka na ninamsikia anafungua droo. Haraka basi. Watoto wako wana sweta zilizowapita? Wangu hawana hata moja, sweta Mombasa ya nini, na Swafiya sasa ni mrefu, karibu amfikie Nasra wako. Asubuhi hizo mnawavisha na soksi kulala? Unamjua dereva mpole mwenye kiti cha mtoto kwenye gari, wa kutupokea Syokimau akatupitisha ile barabara ya Expressway, au hivyo viti huko havipatikani kabisa? Kile kitreni cha kutoka Syokimau kuingia mjini, na mabegi na watoto, umewahi kukijaribu au ni kujitafutia makuu? Jumamosi asubuhi njia ya Lang'ata ikoje siku hizi, tukitoka Kilimani saa mbili tutawahi saa tatu? Na Jumapili unaweza kweli, au shemeji ana mambo yake?

Tena lile kubwa: umekasirika, au umekasirika kidogo tu?

Nijibu kabla ya Alhamisi. Tiketi za likizo zinakwenda mbio, na nikichelewa Baba Swafiya ataninunulia za usiku.

Nisalimie wote isipokuwa South C.

Wako,
Zuhura