Barua kwa mwanangu: shingo ikipinda baada ya dawa

Mwanangu Neema,

Hapo kwenye duka lako la dawa Mbagala ipo siku utaletewa kijana shingo imepinda, macho yamegandia juu, ulimi nje. Aliyemleta atasema ni pepopunda, au kapandisha mashetani. Wewe muulize: siku hizi 5 kameza nini, kachomwa nini? Mara nyingi utasikia haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, au metoklopramaidi, ile ya kuzuia kutapika ambayo watu huiona dawa ya tumbo tu. Haiishii tumboni, inapanda hadi ubongoni.

Kule ndani panapoongozwa mwendo, kemikali mbili za ubongo, dopamini na asetilikolini, zinashikana kama watu wawili wanaovutana kamba. Dawa hizi huziba vipokezi vya dopamini, yaani milango inapopokelewa. Haloperidoli ikiziba kama asilimia 65 ya milango hiyo, mgonjwa wa akili huanza kupata nafuu. Ikikaribia 80, mwili unakaza. Nafasi ni finyu hivyo, halafu ndugu wanaongeza kidonge "ili alale". Asetilikolini imeachiwa kamba, ndiyo maana benziheksoli, dawa inayoituliza asetilikolini, huilegeza shingo. Lakini taya likiwa limekaza usimpe kidonge, atapaliwa. Apelekwe hospitali akachomwe sindano, na akikoroma au kuhema kwa shida, bodaboda hiyo hiyo iliyomleta isizime injini.

Linalowapotosha wengi ni la mgonjwa ambaye kwa dawa hizo hizo hatulii: anakaa, anainuka, anakanyaga hapo hapo kama anayesubiri choo. Watasema ugonjwa umezidi, waongeze dozi, naye azidi kuhangaika. Hapo benziheksoli haisaidii sana. Daktari hupunguza dozi au huongeza propranololi, dawa ya moyo na presha. Wewe usipunguze, wala usimwambie aache.

Anayetafunatafuna mdomo mtupu baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa hizi ni habari nyingine. Vipokezi vilivyozibwa muda mrefu vimekuwa vikali kupita kiasi, na benziheksoli huweza kumzidishia. Arudi kliniki.

Mwili mgumu pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa: hapo tu dawa isimame, hospitali ya Muhimbili saa hiyo hiyo.

Metoklopramaidi kwa mtu mzima ni miligramu 10, isizidi mara 3 kwa siku. Ulaya tangu 2013 wameifunga kwenye siku 5, nawe usizipite. Na kwenye bahasha usiandike 1x3 peke yake. Andika jina la dawa na tarehe. Atakayempokea mgonjwa hospitalini akiambiwa "vile vidonge vyeupe" hana pa kuanzia.

Mama yako