Kura zilezile, washindi watatu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kura tunazopigishana kila siku: za mchezaji bora, za wimbo bora, za kikundi kiende kutembea wapi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati na katibu wa kikoba cha kinamama hapa Tandika. Majuzi wanachama 21 tulichagua pa kwenda kutembea: kisiwa cha Mbudya, Bagamoyo au milima ya Pugu. Mwenyekiti alitaka tunyooshe mikono tumalize. Nikaomba kila mmoja aandike kwenye karatasi chaguo lake la kwanza, la pili na la tatu.

Wanane waliandika Mbudya, Bagamoyo, Pugu. Saba wakaandika Pugu, Bagamoyo, Mbudya. Sita wakaandika Bagamoyo, Pugu, Mbudya.

Kwa kunyoosha mikono, Mbudya ingeshinda kwa kura 8. Lakini wanachama 13 wameiweka mwisho kabisa. Wengi wao hawataki hata kusikia habari ya kupanda boti pale Kunduchi. Tukisema wawili wa juu warudiane, Bagamoyo yenye kura 6 inatoka, na Pugu inaibwaga Mbudya 13 kwa 8. Tukitoa pointi 2 kwa chaguo la kwanza, 1 kwa la pili na sifuri kwa la tatu, Bagamoyo inapata 27, Pugu 20, Mbudya 16. Mweka hazina alizitandaza karatasi mkekani akazipanga upya mafungu matatu. "Mwalimu, mbona kila ukihesabu anashinda mwingine?" Hakuna aliyebadili mawazo wala kura iliyoibwa. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Njia ya pointi ilipendekezwa na Mfaransa Jean-Charles de Borda katika karne ya 18. Condorcet, Mfaransa mwenzake, alitaka machaguo yashindanishwe mawili mawili. Kwetu Bagamoyo ilizishinda zote, Mbudya 13 kwa 8 na Pugu 14 kwa 7, tukaenda nayo. Ila mwaka 1785 Condorcet mwenyewe alionyesha kwamba mambo yanaweza kuzunguka: walio wengi wakapenda wali kuliko ugali, ugali kuliko ndizi, kisha ndizi kuliko wali! Na mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow akathibitisha kwamba machaguo yakifika matatu, hakuna njia ya kuyapanga kwa kura inayotimiza kwa pamoja masharti yote ya haki aliyoyaweka.

Wapo watakaosema basi kura hazina maana. Sikubali hata kidogo. Maana yake ni kwamba kanuni ikubaliwe kabla ya karatasi kufunguliwa, kwa sababu anayechagua kanuni baada ya kuziona karatasi ndiye anayemchagua mshindi. Hata nchi hazifanani: hapa kwetu rais ni aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, ilhali Kenya lazima avuke nusu ya kura zote.

Hivyo naliomba gazeti lako, kila mnapotualika wasomaji kumchagua mchezaji bora, mchapishe kanuni ya kuhesabu pamoja na majina, na mtuachie nafasi ya chaguo la pili na la tatu. Nawaomba pia walimu wenzangu wa hisabati walipeleke zoezi hili darasani. Linataka karatasi na kujumlisha tu.

Mwalimu na katibu wa kikoba,
Tandika, Dar es Salaam