Umeme ukirudi, madirisha yako yanarudi wapi?

Mteja wetu mmoja ni wakala wa forodha. Ofisi ndogo, watu watatu, kompyuta zote zina Linux Mint, mfumo endeshi tuliowawekea sisi. Ikifika saa tatu asubuhi, kwenye kompyuta yake kuna madirisha kumi na zaidi: mfumo wa forodha, benki, barua pepe, WhatsApp ya kivinjari, jedwali la mizigo kwenye LibreOffice, na PDF za hati za shehena zisizohesabika. Kajipangia vizuri tu. Forodha meza ya kwanza, hesabu ya pili, barua na WhatsApp ya tatu, PDF ya nne. Halafu umeme unakatika, na betri ya UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ilishakufa zamani. Ukirudi, anawasha, anafungua programu zake, na madirisha yote yanabanana meza ya kwanza kama abiria wa daladala ya jioni.

"Fundi, hii Linux yenu haina kumbukumbu," akatuambia.

Anachokiita meza ni eneokazi. Skrini ni moja, lakini unaweza kuwa na maeneokazi kadhaa nyuma yake na kuhama kutoka moja hadi jingine. Kwenye Mint yenye mwonekano wa Cinnamon bonyeza Ctrl, Alt na mshale wa kulia au kushoto. Ukiongeza Shift, dirisha ulilonalo linahama pamoja nawe. Mshale wa juu, pamoja na Ctrl na Alt, unakuonyesha meza zote kwa mpigo. Kama hujawahi kujaribu, jaribu kabla ya kutupigia simu. Wengine huridhika hapo hapo.

Tuje kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ipo, ila kila programu inakumbuka la kwake. Firefox inakumbuka kurasa ulizofungua, LibreOffice inakumbuka faili. Dirisha lilikuwa meza ya ngapi na upande gani, hilo liko mikononi mwa programu nyingine, msimamizi wa madirisha. Kuna utaratibu wa miaka mingi wa hawa wote kuagana wakati wa kutoka ili kesho kila mmoja arudi mahali pake. Xfce, mwonekano mwingine wa Linux, bado inao, ndiyo maana ukitoka inakuuliza kama ihifadhi kikao. Shida ni mbili: programu nyingi za siku hizi hazijiandikishi kwenye utaratibu huo, na umeme ukikatika hakuna anayeaga.

Kwa hiyo sisi hatusubiri kuagana. Tunaandika mpango mapema, kisha tunauweka nyuma ya kitufe kimoja.

Kazi kubwa ni majina. Kuna programu ndogo iitwayo wmctrl. Ukiiandikia `wmctrl -lx` inakuorodheshea madirisha yote, namba ya meza ya kila moja na jina la kundi lake. Kichwa cha dirisha hakiaminiki, maana barua moja ikiingia kinabadilika. Jina la kundi halibadiliki, lakini madirisha yote ya Firefox yana jina moja, sasa utajuaje lipi ni la benki? Tunamtengenezea mteja profaili tatu za Firefox, kila moja ikifunguka kwa jina lake la kundi: forodha, benki, barua. Faida ya pembeni ni kwamba nywila za benki hazikai tena chumba kimoja na WhatsApp. Baada ya hapo amri ni fupi:

`wmctrl -x -r benki -t 1`

Hiyo 1 ni meza ya pili, kwa sababu wmctrl huanza kuhesabu na 0. Msituulize tumekosea hapo mara ngapi.

Jambo la pili ni subira. Ukiamuru dirisha lihame kabla halijazaliwa, amri inapotea kimya kimya. Skripti yetu ya kwanza, yaani faili la amri zinazojiendesha, ilisubiri sekunde 10 kisha ikapanga. Kwenye mashine yetu ilifanya kazi safi. Kwenye kompyuta ya mteja yenye diski kuukuu, LibreOffice ilikuwa bado inajikongoja. Sasa skripti inauliza kila sekunde, "limefika?", na inahamisha likishafika. Kama dirisha lilikuwa limejaza skrini nzima, tunaliondoa kwanza kwenye hali hiyo, la sivyo hukataa vipimo vipya.

Haya yote ni ya X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini. Ukiwa na Ubuntu ya karibuni, Linux ya aina nyingine, huenda uko kwenye Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo, ambayo Ubuntu imeifanya chaguo la kawaida tangu toleo la 21.04. Huko wmctrl haiyaoni madirisha mengi, na ni makusudi: programu moja hairuhusiwi kuchungulia wala kusukuma dirisha la nyingine. Kiusalama tunaunga mkono. Kwenye KDE Plasma, nao ni mwonekano wa Linux, hupati shida, kanuni za madirisha zimo ndani ya mipangilio, na Wayland nayo inazifuata. Ukiweza kuzijaza mwenyewe, usitulipe. GNOME, mwonekano wa kawaida wa Ubuntu, ina kiongezi cha Auto Move Windows, lakini hicho hupanga kwa programu, si kwa dirisha. Mteja akitaka mpangilio wa kina kama wa wakala wetu, tunamshauri abaki Mint, kwenye X11.

Kitufe chetu hakirudishi fomu uliyoijaza nusu, wala hakikuingizi benki bila nywila. LibreOffice tunaiwekea ijihifadhi kila dakika 3, basi. Na yule wakala tulimwambia anunue betri ya UPS kwanza, kisha ndiyo tukaandika skripti.

Mwenye madirisha matatu haihitaji huduma hii. Mwenye kumi na kuendelea, karibu. Tunakaa nawe kama saa moja tukiangalia unavyofanya kazi, na bei tunakwambia baada ya kuona. Ila kabla hujazima kompyuta uje nayo dukani, piga picha ya kila meza kwa simu. Wengi hufika, tunawasha, madirisha yote yako meza ya kwanza, na mwenyewe hakumbuki lipi lilikuwa wapi.